Kidole Chetu, Ufunguo wa Nani? Viendeshi vya Kompyuta na Haki ya Mtumiaji wa Programu Huria

Miongoni mwa masuala ambayo wapenzi wa Kiswahili vyuoni huyajadili mara kwa mara ni nafasi ya lugha hii katika sayansi na teknolojia. Aghalabu mjadala huo huanzia na kuishia katika istilahi. Tuseme kompyuta au tarakilishi? Kipakatalishi au kompyuta ya mkononi? Maswali hayo yana uzito wake, na wataalamu wetu wameyashughulikia kwa bidii. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba liko swali linalotangulia lile la istilahi, nalo ni hili: je, chombo chenyewe tunachokitafutia jina kinaturuhusu kukifungua, kukielewa na kukirekebisha? Iwapo hakituruhusu, basi tutakuwa tumekipa jina zuri kitu kisichokuwa chetu.

Ili hoja hii isielee hewani, tutaichukua kadhia moja ndogo ambayo watumiaji wa mifumo huria wanaifahamu vyema, yaani kisomaji cha alama za vidole kinachokataa kufanya kazi katika kipakatalishi chenye Linux. Msomaji asiidharau kwa udogo wake. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kadhia yenyewe

Kulesa ni kijiji cha Wapokomo kilichoko kandokando ya Mto Tana, upande wa Garsen, katika Kaunti ya Tana River. Wakazi wake ni wakulima wa mpunga, mahindi, ndizi na maembe, na maisha yao hufuata kujaa na kupwa kwa mto. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya nchi yetu, kipakatalishi kinachofika huko mikononi mwa mwalimu au mwanafunzi huwa kimekwisha kutumiwa kwingine. Ni mtumba. Mara nyingi ni kile kilichotengenezewa maafisa wa makampuni ya ng'ambo, na ndiyo maana kando ya kibodi yake huwa pana kijistari au kidirisha kidogo cha kusomea alama za kidole.

Vyombo vya namna hiyo vina sababu nzuri ya kuwekewa mfumo huria. Kampuni ya Microsoft iliacha kuitegemeza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na toleo la Windows 11 linadai vichakata vipya pamoja na chipu ya usalama ambayo vipakatalishi vingi vya zamani havina. Mwenye chombo cha miaka kumi ana njia chache: akitupe, aendelee kukitumia bila kinga mpya, au akipe mfumo kama Ubuntu, ambao haulipiwi leseni na ambao huendelea kupokea marekebisho. Anayechagua njia hii ya tatu hufurahi kuona kibodi inaitika, skrini inang'aa, sauti inasikika na mtandao usiotumia waya unashika. Kisha huweka kidole chake pale kilipozoea kuwekwa, na hapatokei lolote. Mfumo haumwambii hata kwamba kifaa kimeharibika. Humwonyesha ukurasa wa mipangilio usiokuwa na nafasi ya alama za vidole, kana kwamba kifaa chenyewe hakipo.

Kifaa kipo, nacho ni kizima. Kinachokosekana ni kiendeshi.

Kiendeshi ni nini?

Kiendeshi ni programu inayokaa baina ya kifaa na mfumo wa kompyuta, na inayojua namna ya kuzungumza na pande zote mbili. Anayeishi kando ya Tana hahitaji maelezo marefu, kwa maana amewaona wavushi. Ng'ambo moja yuko abiria. Ng'ambo ya pili liko shamba lake. Mtumbwi upo na mto upo. Hata hivyo, pasipokuwa na mvushi aijuaye mikondo, mafungu ya mchanga na mahali wanapojificha viboko na mamba, abiria hubaki ukingoni akilitazama shamba lake kwa macho. Kiendeshi ndicho mvushi huyo. Hujua ni amri gani ya kukiamsha kifaa, ni kwa mpangilio upi kifaa hutuma taswira ya kidole, na ni kwa ufunguo gani mazungumzo yao yamefumbwa.

Basi kwa nini mvushi huyo hayuko upande wa Linux? Jibu ni kwamba watengenezaji wengi wa visomaji vidole walimwandikia mfumo wa Windows kiendeshi, kisha wakaificha lugha ya kifaa. Hawakuchapisha maelezo ya kiufundi, wala hawakuwapa wengine idhini ya kuyasoma. Hali ikazidi kuwa ngumu visomaji vilipobadilika. Vile vya awali vilituma taswira ya kidole kwa kompyuta, nayo kompyuta ikafanya kazi ya kulinganisha. Vingi vya sasa hulinganisha ndani ya chipu yenyewe, na mazungumzo yao na kompyuta hufumbwa. Kwa upande wa usalama hayo ni maendeleo, lakini kwa mtu wa nje anayetaka kuandika kiendeshi, ni ukuta juu ya ukuta.

Historia ya jambo hili haikosi mafunzo. Takribani mwaka 1980, Richard Stallman, aliyekuwa mtaalamu katika maabara ya akili-unde ya chuo cha MIT nchini Marekani, alitaka kuirekebisha programu iliyoendesha mashine mpya ya kuchapishia ili iwajulishe watu karatasi zinapokwama. Alinyimwa msimbo wake. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1991 Linus Torvalds wa Ufini akatoa kiini cha Linux. Kwa hiyo, mtu anayelalamikia kiendeshi katika mfumo huria halalamikii jambo la pembeni. Miongoni mwa chimbuko la harakati nzima ni kiendeshi cha mashine ya kuchapishia.

Kuhusu visomaji vidole hasa, hatua kubwa ilipigwa na mwanafunzi. Mwaka 2007 Daniel Drake, akiwa Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza, alianzisha mradi wa fprint, uliozaa maktaba ya programu iitwayo libfprint. Kabla ya hapo palikuwa na viendeshi vilivyotapakaa, kila kimoja na njia yake. Drake alivikusanya chini ya paa moja, na hadi leo mifumo mikuu ya Linux hutumia maktaba hiyo. Viendeshi vingi vya awali viliandikwa kwa kuchungulia: mtu hukiunganisha kifaa na Windows, akanasa kila baiti inayopita kwenye waya, kisha akakaa usiku kucha akijaribu kufumbua maana yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Baadaye baadhi ya makampuni yalilegeza kamba. Kuanzia mwaka 2019 na kuendelea, Synaptics na Goodix zilichangia viendeshi vyao wenyewe katika libfprint, hasa baada ya watengenezaji wa vipakatalishi kama Lenovo kuanza kuuza mashine zilizoidhinishwa kutumia Linux. Jambo hilo ni ushahidi muhimu. Linaonyesha kwamba kilichokuwa kimezuia viendeshi miaka yote hiyo kilikuwa uamuzi wa kibiashara, na kwamba uamuzi huo hubadilika mnunuzi mkubwa anapodai.

Kidole na kumbukumbu zetu

Pengine msomaji atauliza: je, si afadhali mtu atumie nywila tu, kadhia iishe? Kwa kipakatalishi kimoja, ndiyo. Kwa kweli nywila ina ubora wake: ikiibwa, hubadilishwa, ilhali mtu hana vidole vya akiba vya kubadilisha kila mwaka. Lakini kidole hakikuishia kwenye kipakatalishi. Katika nchi yetu kidole kina historia, na historia hiyo ndiyo inayoifanya kadhia hii kuwa nzito.

Matumizi ya alama za mkono katika utawala wa Waingereza yalianzia Bengal mwaka 1858, William Herschel alipomtaka mwanakandarasi Rajyadhar Konai aupige mkataba chapa ya kiganja chake. Mfumo wa kuzipanga alama za vidole, ambao ulipewa jina la Edward Henry, ulitegemea sana kazi ya Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Huku kwetu alama za vidole zilikuja na kipande. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi kusajiliwa, kupigwa chapa ya vidole na kubeba cheti chake ndani ya kikebe cha chuma, ambacho wengi walikivaa shingoni. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande hicho miaka ya 1921 na 1922. Tukumbuke jambo moja: aliyekibeba kipande hakuwa na uwezo wa kukisahihisha. Kilichoandikwa ndani yake kilikuwa cha mwajiri na cha serikali. Chake kilikuwa kidole tu.

Siku hizi alama za vidole hutumika kwa madhumuni mengine, na mengi yana faida. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, ya 2018 na ya mwishoni mwa 2023 yaliwahamisha watu wengi wa Tana. Maji yakiingia nyumbani huchukua vyeti, vitambulisho na daftari, lakini kidole hubaki na mwenyewe. Asiyeishi penye mafuriko hawezi kuipima thamani ya jambo hilo. Kwa hiyo makala haya hayapingi matumizi ya alama za vidole. Yanachopinga ni kidole kuwa ufunguo wa kufuli ambalo mwenye kidole, fundi wake, wala mahakama yake hawaruhusiwi kulichunguza.

Mifano haiko mbali. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Machi 2013, vifaa vya kielektroniki vya kuwatambua wapiga kura vilikwama katika vituo vingi nchini, vingine kwa betri kuisha mahali pasipokuwa na umeme, na makarani wakalazimika kurudi kwenye daftari la karatasi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliagiza walalamishi waruhusiwe kuichungulia mitambo ya tume ya uchaguzi bila kubadilisha chochote ndani yake. Agizo hilo halikutekelezwa kikamilifu, na hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa katika hukumu ya tarehe 1 Septemba iliyoufuta uchaguzi wa rais. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ilisema kwamba usajili wa Huduma Namba haungeweza kuendelea bila mfumo wa kisheria wa kutosha. Katika kadhia zote hizo swali la msingi lilikuwa lile lile: nani anaruhusiwa kuona yaliyomo ndani?

Aidha kuna jambo la maumbile. Mikono ya mkulima wa mpunga si mikono ya karani. Jembe, matope na umri hupunguza mistari ya vidole, na hapa kisomaji kinaweza kumkataa mtu halali. Programu ikiwa huria, fundi anaweza kuona kipimo kilichowekwa cha kukubali au kukataa, na kukilinganisha na vidole vya watu wa mahali pake. Programu ikiwa imefungwa, mkulima huambiwa aoshe mikono ajaribu tena, kisha ajaribu tena, mpaka aamini kwamba kosa ni la vidole vyake.

Hoja za upinzani

Si haki kuzipuuza hoja za wanaotofautiana nasi. Ya kwanza ni kwamba usiri wa mtengenezaji ni kinga, kwa kuwa mwizi asiyekijua kifaa hawezi kukivunja. Hoja hii inavutia, lakini haisimami. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya Blackwing Intelligence, walioalikwa na Microsoft yenyewe, waliweza kuupita ulinzi wa alama za vidole katika vipakatalishi vya aina tatu, kimojawapo kikiwa cha Microsoft. Walibaini kwamba itifaki nzuri ya ulinzi ilikuwepo, ila katika viwili kati ya vitatu haikuwa imewashwa. Usiri haukumzuia mtaalamu. Uliyemzuia ni mnunuzi wa kawaida, ambaye hakuwa na njia ya kujua kwamba mlango wake ulikuwa wazi.

Hoja ya pili ni kwamba mtengenezaji ana haki ya kuilinda mali yake. Hilo tunalikubali. Hata hivyo, kuchapisha lugha ya kuzungumza na kifaa si sawa na kuitoa ramani ya kukitengenezea kifaa hicho. Mvushi akielezwa mkondo wa mto, hajakabidhiwa mto. Synaptics na Goodix zimekwisha kuonyesha kwamba kiendeshi kinaweza kutolewa na biashara ikaendelea.

Hoja ya tatu, ambayo pengine ndiyo nzito zaidi, ni kwamba mtu wa Kulesa ana mahitaji makubwa kuliko kiendeshi: barabara, zahanati, kinga dhidi ya mafuriko. Tunajibu kwamba ni kwa sababu ya umbali huo ndipo uhuria unapomfaa zaidi. Mkazi wa Nairobi akikwama atakipeleka chombo dukani alasiri hiyo hiyo. Mkazi wa Kulesa atapaswa kufika Garsen kwanza, kisha huenda Malindi au Mombasa, na akifika ataambiwa programu hiyo haifunguliwi nchini. Anayekaa mbali na fundi anakihitaji zaidi chombo ambacho jirani yake anaweza kujifunza kukitengeneza.

Wapokomo wenyewe wanaijua vyema hali ya kuwa na kitu chako ndani ya kabati la mwingine. Ngoma yao takatifu, ngadji, ilichukuliwa na maafisa wa ukoloni, na tangu mwaka 1908 imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London. Jina lake ni la Kipokomo na sauti yake ni ya Tana, lakini ufunguo wa ghala uko kwingine. Tusikubali watoto wetu wazoee hali hiyo kwa vidole vyao wenyewe.

Tufanyeje?

Kwanza, vyuo vikuu, shule na serikali za kaunti ni wanunuzi wakubwa. Katika kila zabuni ya kompyuta au ya visomaji vidole pawekwe sharti moja: viendeshi viwe huria, au maelezo ya kiufundi yawe yamechapishwa. Sharti hilo halimgharimu mnunuzi ila sentensi moja. Tumeona kwamba watengenezaji husikia mnunuzi mkubwa anaposema.

Pili, mwanafunzi anayenunua mtumba asiridhike na maneno ya mchuuzi. Kila kifaa cha ndani kilichounganishwa kwa njia ya USB kina nambari ya utambulisho, ambayo Linux huionyesha kwa amri fupi ya lsusb. Mradi wa fprint huchapisha orodha ya nambari za visomaji vinavyotambuliwa. Dakika tano za kulinganisha nambari hizo zitamwokoa na majuto. Na hata kisomaji kikifanya kazi, asiisahau nywila yake, kwa sababu mifumo hiyo bado huidai ili kuifungua hazina ya siri zilizohifadhiwa.

Tatu, huduma yoyote ya umma inayotumia kidole iwe na njia ya pili iliyo wazi na yenye heshima kwa yule ambaye kidole chake kimekataliwa.

Nne, na hili latuhusu sisi wanachama moja kwa moja, Kiswahili kiingie katika kazi hii kwa vitendo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Waliifasiri bila kusubiri hisani ya kampuni yoyote, kwa kuwa leseni huria iliwaruhusu. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alizindua mfumo alioupa jina la Kiafrika, Ubuntu, yaani utu. Jumbe za kisomaji vidole, zile zinazomwambia mtu aweke kidole tena, akisogeze katikati, au kwamba hakikutambuliwa, ni sentensi chache tu. Mwanafunzi wa Kiswahili na mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta wakikaa pamoja wiki moja, zinaweza kusomeka kwa Kiswahili fasaha kwa kila mtumiaji, pamoja na mzee asiyejua neno la Kiingereza. Katika programu iliyofungwa, kazi hiyo hiyo haiwezekani hata kama tungekuwa na wafasiri mia.

Drake alikuwa mwanafunzi alipoianza kazi ambayo sasa inawatumikia watu wengi asiowajua. Vyuo vyetu vina wanafunzi, vina vipakatalishi vyenye visomaji vilivyolala, na vina lugha iliyo tayari. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Makala haya yanapendekeza kwamba chama chetu kiunde kamati ndogo pamoja na idara ya sayansi ya kompyuta, iorodheshe visomaji vilivyomo katika vipakatalishi vya wanachama, itambue vipi vina kiendeshi na vipi havina, na ianze kufasiri jumbe zake kabla ya muhula huu kumalizika.